Kimo Kwanza, Springi Baadaye: Roadster kwenye Matuta ya Ruiru na Thika

Kati ya Ruiru na Thika gari hukutana na barabara za aina mbili ndani ya nusu saa. Kuna Thika Road yenyewe, iliyozinduliwa Novemba 2012, ambako lami ni pana na gari jepesi linajiachia. Halafu kuna kila kinachoanza pale unapoiacha: barabara za mitaani za Membley na Kihunguro zenye matuta ya zege, kingo za lami zilizomegeka, vumbi na mawe ya maramu, na ukielekea upande wa mashariki wa Juja na Thika, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi mpaka lami inakuwa na mawimbi. Anayemiliki gari dogo la michezo hapa hana nafasi ya kuchagua moja. Lazima gari lake liweze zote mbili, na liziweze asubuhi ile ile.

Tuchukulie mkazi wa Ruiru aliyeagiza Mazda Roadster kutoka Japani, toleo lililoanza kuuzwa 2015 na linaloitwa ND. Ni gari linalopatikana hata chini ya sheria ya Kenya inayokataa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Lina uzito wa karibu kilo 1,000, umbali wa milimita 2,310 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na uwazi wa takriban milimita 140 kati ya tumbo na ardhi. Usukani uko kulia, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Swali ni moja: aliwekee springi za ugumu gani, na alikalishe kwenye kimo kipi?

Mazoea ni kuanza na springi. Mtu huona seti ya springi fupi na ngumu zenye rangi ya kuvutia, anazifunga, gari linashuka, halafu anaanza kutafuta jinsi ya kuvuka tuta la kwake. Nashikilia kwamba mpango huo umegeuzwa miguu juu. Kimo huamuliwa na barabara. Kimo kikishajulikana, kinaonyesha gurudumu limebakiwa na nafasi kiasi gani ya kupanda na kushuka. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua ugumu wa springi, na shokomzoba inafuata springi. Ukianzia mwisho, kila hatua inayofuata inakuwa ya kuziba tundu lililotobolewa na hatua iliyotangulia.

Basi tuanze na tuta. Wahandisi wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza walibuni miaka ya 1970 tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha milimita 100, na umbo hilo limeigwa nchi nyingi. Kwa Roadster tuta kama hilo halina shida. Kwa kuwa ni refu kuliko umbali wa ekseli zake, magurudumu yote manne hupanda juu ya mgongo wake, na tumbo linahitaji kukwepa ule uvimbe uliobaki katikati tu. Hesabu ni rahisi: gawanya umbali wa ekseli kwa urefu wa tuta, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa kimo cha tuta. Utapata milimita 39. Hata gari lililoshushwa sana linapita.

Shida ni tuta la pili, lile lililomwagwa zege na wakazi baada ya mtoto kuponea chupuchupu kugongwa. Sababu yake naiheshimu kabisa. Lakini mara nyingi lina upana wa hatua moja na ni mwinuko mtupu. Hapo magurudumu ya mbele yanakuwa yameshashuka upande wa pili huku ya nyuma hayajaanza kupanda, na tumbo limebaki juu ya kilele peke yake. Likiwa na milimita 100, unahitaji milimita 100 zote. Matuta mawili ya kimo kile kile, na moja linadai uwazi wa zaidi ya mara mbili ya lingine. Kwa hiyo anayeuliza "tuta lenu lina urefu gani kwenda juu" ameuliza nusu ya swali. Chukua futi, pima na upana.

Sasa tuongeze uzito wa watu na mtikisiko. Dereva peke yake yumo tayari katika hesabu yangu. Akiingia abiria wa kilo 70 na mizigo ya kilo 30, gari lenye springi laini linazama kama milimita 13. Halafu pua inaposhuka kutoka kwenye tuta, springi za mbele zinabonyea, tuseme milimita 50, na katikati ya gari inashuka nusu ya hapo, yaani 25. Toa zote mbili kutoka 140: unabaki na 102. Hii ndiyo maana Roadster iliyotoka kiwandani bila kuguswa hupita tuta la milimita 100 kwa uwazi wa unene wa sarafu, na ukiongeza mwendo kidogo unasikia ekzosi ikikwaruza. Ukiishusha milimita 40 kama wengi wanavyotaka, haivuki tuta lile hata ikisukumwa kwa mkono na mtu mmoja ndani. Unabaki kuvuka mshazari, gurudumu moja moja, huku matatu nyuma yako zikipiga honi.

Hapa gari jepesi lina tabia ambayo lori halina, na Thika ni mji wa watu wanaolijua lori. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanzishwa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, kimeunganisha malori na mabasi kwa miongo, na mwaka 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo pia. Fundi aliyekulia karibu na kazi hiyo anajua springi za mabamba vizuri, na dawa yake ya gari linalogusa chini ni kuongeza bamba. Kwa lori ana haki. Lori tupu na lori lililojaa ni kama magari mawili tofauti, na springi lazima ihimili lile zito. Roadster yetu huanzia kilo 1,080 ikiwa na dereva na kuishia 1,180. Tofauti haifiki hata kumi kwa mia. Springi yake haihitaji ugumu wa kubeba mzigo. Inahitaji ulaini wa kuliacha gurudumu lifuate barabara.

Na gurudumu lenyewe ni zito ukilinganisha na gari. Chukua kona moja ya Roadster: kilo 270 zinakaa juu ya tairi hiyo, na kati ya hizo kama 30 ni tairi, rimu, breki na sehemu ya mikono inayolishikilia gurudumu. Zinazobaki juu ya springi ni 240. Kwa hiyo kilo moja ya gurudumu linaloruka ina kilo nane tu za bodi za kuituliza. Gari la tani mbili lina nafuu zaidi hapo. Ndiyo sababu jiwe lile lile ambalo Prado inalimeza, Roadster inalipeleka mpaka kwenye meno ya dereva, na ukiikazia springi unazidisha ubaya huo. Rimu kubwa za inchi 17 au 18 zinaongeza chumvi kwenye kidonda.

Tuje kwenye namba za springi. Zinazotoka Japani huandikwa kwa kilo kwa milimita: springi ya kilo 4 hubonyea milimita moja kwa kila kilo 4 unazoiwekea. Lakini springi ya Roadster haikai juu ya gurudumu moja kwa moja. Imeshika mkono wa chini, ndani kidogo, kwa hiyo gurudumu linaisukuma kwa nyenzo. Tuseme gurudumu likipanda milimita 10, springi inabonyea 7. Nyenzo hiyo inahesabiwa mara mbili, kwa nguvu na kwa mwendo, hivyo unazidisha 0.7 kwa 0.7 na kupata 0.49. Springi iliyoandikwa 4 inafanya kazi ya takriban 2 pale chini ya gurudumu. Iliyoandikwa 8 inafanya ya takriban 4. Anayenunua kwa kusoma namba ya springi ya gari la rafiki yake, lenye nyenzo tofauti, amenunua namba ya gari lingine.

Kutokana na ugumu wa gurudumuni na kilo 240 za juu yake unapata kipimo ambacho mhandisi wa springi hukitazama kabla ya kingine: gari likibonyezwa na kuachiwa, lingepanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde? Springi ya 4 inatoa mara 1.4. Ya 8 inatoa mara 2. Magari ya kawaida ya barabarani hukaa karibu na 1 hadi 1.5. Mbili ni eneo la magari ya mashindano ya lami laini, ambako matuta hakuna na mtu ana kiti cha kumbana mbavu. Kwenye lami ya mawimbi karibu na Juja, gari la mara 2 kwa sekunde halishiki barabara vizuri zaidi. Linaruka kutoka wimbi hadi wimbi, na tairi iliyo hewani haina breki wala usukani.

Kuna jibu ambalo wapenda gari lililoshushwa hunipa kila mara: springi ngumu haitaruhusu gari libonyee, kwa hiyo nafasi ndogo inatosha. Inafaa tulipime, maana linasikika kama ukweli. Tuseme gurudumu lina milimita 75 za kupanda kabla ya kugota kwenye mpira wa mwisho. Nishati ambayo springi inaimeza hukua kwa mraba wa umbali. Ukishusha gari milimita 40 unabaki na 35 za kupanda, na ili zimeze pigo lile lile lililomezwa na 75, ugumu lazima uongezeke zaidi ya mara nne na nusu. Ukiuongeza mara mbili tu, kutoka 4 hadi 8, ambako tayari mgongo unalalamika, umepata haki ya kushuka milimita 22, basi. Hizo 18 nyingine umezikopa kutoka kwa mpira wa kugotea, na mpira ukigota ugumu wa kona ile unapanda ghafla mara nyingi zaidi. Ikitokea katikati ya kona, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, asubuhi ya mvua za kwanza za Oktoba lami ikiwa bado na utelezi wa vumbi na mafuta, matokeo yake hayamsubiri dereva ajifunze.

Kukata springi ni kubaya zaidi, na naomba fundi yeyote anayesoma hapa aache. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Kata mmoja kati ya sita, na ugumu umeongezeka kwa moja ya tano tu. Tumeona sasa hivi kwamba unahitaji kuuongeza mara nne na nusu. Zaidi ya hapo, ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye kitako chake. Gurudumu likining'inia juu ya shimo, springi inalegea na inaweza kurudi ikiwa imekaa kombo. Ukitumia moto kukata, umeharibu na chuma chenyewe, kwa kuwa springi ilipata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo kiwandani.

Upande wa pili wa barabara wapo wanaoinua. Spesa zimekuwa sehemu ya maisha ya gari la Kijapani nchini, na zipo za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Spesa inayowekwa juu ya shokomzoba nzima hushusha shokomzoba na springi kwa pamoja. Gari linainuka, lakini nafasi ya kupanda hadi kugota inabaki ile ile, na mikono inainama zaidi gurudumu likining'inia. Bolijointi na ekseli za nyuma ndizo zinazolipa. Spesa inayowekwa chini ya springi peke yake huinua gari na kuongeza nafasi ya kupanda, lakini inachukua kiasi hicho hicho kutoka kwa nafasi ya kushuka. Kwa kuwa kuna nyenzo, spesa ya milimita 10 chini ya springi ya Roadster inainua gari kama 14. Nimeona mtu akiweka spesa ya 30 akitarajia 30, kisha akashangaa kwa nini gari limesimama kama mbuzi juu ya mwamba na linagonga kila linapotoka shimoni. Kule kugonga ni shokomzoba iliyofika mwisho wa fimbo yake.

Wazo la kuinua gari la michezo lisionekane la ajabu katika nchi ya Safari Rally. Mwaka 1978 Porsche walikuja na 911 SC mbili walizoziinua hadi uwazi wa sentimita 28, mara mbili ya Roadster yetu. Vic Preston Jr. alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504. Miaka mitatu kabla, 1975, Lancia walileta Stratos, gari la takriban tani moja lililoundwa kwa mashindano tu, wakapata nafasi ya pili na ya tatu. Aliyeshinda ni Ove Andersson, tena kwa 504. Ushindi na kushindwa kwenye rally hutokana na mambo mengi, kuanzia maji ya mto hadi mkono wa dereva, na sidai kwamba springi peke yake ndizo zilizoamua. Lakini kila mzee aliyesafiri kwa Peugeot enzi zile anakumbuka lilivyokuwa likipita juu ya mashimo: springi laini, magurudumu yenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda 1971 na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta, nalo lilikuja Kenya likiwa limeandaliwa kwa ajili ya barabara hizi, si kwa ajili ya picha.

Na si hapa tu. Lotus Elan ya 1962, gari lenye uzito wa chini ya kilo 700, lilisifiwa kwa kushika kona huku springi zake zikiwa laini kuliko za wapinzani. Colin Chapman alielewa kwamba gari jepesi halihitaji springi ngumu kulizuia lisilale. Wepesi wenyewe umeshafanya nusu ya kazi, na shokomzoba nzuri inafanya iliyobaki. Mazda walipounda Roadster ya kwanza, iliyotoka 1989, waliyatazama magari mepesi ya Uingereza ya aina hiyo. Kuikazia Roadster mpaka iwe ubao ni kuondoa kile ilichotengenezwa nacho.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwa Roadster ya Ruiru ni kupanda kidogo, na kupanda kwa hatua mbili. Ya kwanza haigusi springi kabisa. Toleo la injini ya lita 1.5 huvaa tairi za 195/50 R16. Ukiweka 195/55 kwenye rimu zile zile, kipenyo kinaongezeka karibu milimita 20, gari linainuka karibu 10, na unapata ukuta mrefu zaidi wa mpira kati ya rimu na jiwe. Spidomita itasoma chini ya mwendo halisi kwa asilimia 3 hivi. Ijue, uendeshe ukiijua. Kabla ya kununua zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone tairi haigusi madigadi.

Hatua ya pili ni milimita 15 kwa springi. Kwa nyenzo ya 0.7 hizo ni 10 na nusu kwenye kitako cha springi, na zinapatikana vizuri zaidi kwa shokomzoba yenye kitako cha kuzungushwa kuliko kwa spesa. Jumla tumepanda 25, uwazi ni 165. Rudia hesabu ya mwanzo: toa 13 za abiria na mizigo, toa 25 za kubonyea, unabaki na 127. Tuta la wakazi la milimita 100 linapitika ukiwa na mtu pembeni na mboga za soko la Makongeni nyuma. Gharama yake kwenye kona ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Ikiwa kitovu cha uzito kiko kama milimita 460 juu ya ardhi, 25 zinaongeza uzito unaohamia tairi za nje kwa kiasi cha asilimia 5. Mlalo wa ziada wa bodi unaurudisha kwa stabilaiza nene kidogo mbele, bila kugusa ulaini wa springi kwenye barabara iliyonyooka.

Springi zenyewe ningezikaza kidogo tu kutoka zile laini za 4: 4.5 mbele, ambayo ni mara 1.5 kwa sekunde, na za nyuma zipewe ugumu unaozifanya zicheze haraka kidogo kuliko za mbele. Sababu aliieleza Maurice Olley, mhandisi wa General Motors, tangu miaka ya 1930. Gurudumu la nyuma hupiga tuta baada ya la mbele, na likiwa na springi ya haraka zaidi linawahi lile la mbele, bodi inatulia badala ya kutikisa kichwa. Kwa Roadster inayokwenda kilomita 30 kwa saa, nyuma hufika kama robo ya sekunde baadaye. Ila usizidishe, kwa kuwa nyuma ngumu mno kwa gari la aina hii huteleza mapema kwenye kona.

Jambo moja linalosahaulika kuhusu springi ngumu hujionyesha gari likiwa kwenye jeki. Springi ya 8 hubonyea milimita 61 tu kwa uzito wa gari, ukipima gurudumuni. Ikiwa gurudumu lina 80 za kushuka, zile 19 za mwisho springi haina mzigo wowote. Iko huru, unaweza kuizungusha kwa vidole. Barabarani hali hiyo hutokea kwenye kila shimo, na sauti yake ni mgongano wa chuma kwa chuma. Springi ya 4.5 hubonyea 109, kwa hiyo inabaki imebanwa hadi mwisho, na zaidi baada ya kuchukua 15 kutoka kwa nafasi ya kushuka.

Shokomzoba lazima zilingane na springi. Ukiongeza ugumu mara mbili, shokomzoba inahitaji nguvu ya takriban mara 1.4 ya ile ya awali ili kuituliza, na shokomzoba ya kiwandani iliyokwisha tembea miaka saba Japani haina nguvu hizo. Kwa ongezeko dogo kama letu, mpya za aina ya kiwandani zinatosha.

Kupima kama umepatia hakuhitaji mashine. Funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye fimbo ya shokomzoba, uisukume hadi chini, kisha endesha njia yako ya kila siku: Membley hadi barabara kuu, Thika mjini, na kurudi. Kamba itakuwa imesukumwa hadi pale ilipofika shokomzoba ilipobonyea zaidi. Ikiwa imegusa mpira wa kugotea, inua kidogo au kaza kidogo, kwa utaratibu huo. Ikiwa imebaki mbali sana, springi ni ngumu kuliko inavyohitajika. Na kimo chenyewe kipimwe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, si kutoka ardhini, ili upepo wa tairi usikudanganye. Pima kona zote nne gari likiwa na dereva ndani, kwenye sakafu iliyo sawa. Kituo cha mafuta chenye zege nzuri kinafaa.

Springi mpya hukaa chini kidogo katika wiki za kwanza, kwa hiyo pima tena kabla ya kupeleka gari alaimenti. Bushi za mikono nazo zilegezwe na kukazwa upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, katika kimo kipya. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira wake unabaki umejikunja muda wote, na hupasuka mapema.